Miaka ya Kwenye Roli na Mkono wa Mteja: Hotuba kwa Mafundi Simu na Watengenezaji wa Stika, Kigoma

Hii ni hotuba niliyoitoa Kigoma mjini mbele ya mafundi simu, watengenezaji wa stika na vijana wanaojifunza kazi ya plota, ile mashine ya kukatia stika. Nimeiweka yote kwa ajili ya wale ambao mvua au kazi iliwazuia kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha, kwa kuwa maneno yanajitosheleza.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa safu ya mbele, mafundi wenzangu wa Mwanga, Ujiji, Gungu na Kibirizi, na ninyi vijana mnaoanza kazi: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua vinili, yaani utando wa plastiki wenye gundi nyuma, inayodumu kwa ajili ya stika za vifaa vya kushikwa mkononi: simu, mashine za EFD za kutolea risiti, redio za mawasiliano za walinzi, rimoti, vikokotoo na pedi za kuchezea gemu. Nina jambo moja la kusema, na mtanisamehe nikilirudia hadi mchoke. Miaka iliyoandikwa kwenye roli ya vinili haikuandikwa kwa ajili ya mkono.

Nianze na kisa cha Kibirizi. Wakala mmoja wa miamala, ambaye kibanda chake kiko jirani na mwalo, alimwomba kijana wa stika amchapie jina la biashara na namba ya uwakala, kisha ambandikie nyuma ya simu ya kazi. Siku hiyohiyo, kutoka roli ileile, kijana yule alichapa tangazo la mlango wa kioo wa duka la vipuri vya pikipiki. Roli ilikuwa imeuzwa kwa sifa ya kudumu miaka 7. Tangazo la mlangoni linasomeka vizuri hadi leo. Stika ya simu, kabla mwezi haujaisha, ilikuwa imekunja kona zote, gundi imechomoza pembeni na kushika uchafu mweusi, na tarakimu mbili za namba zimefutika mahali ambapo kidole cha shahada hukaa wakati wa kuongea. Wakala akalalamika kwamba ameuziwa feki. Je, ilikuwa feki? Kama ilikuwa feki, mbona mlangoni inadumu?

Roli ilikuwa halali, ndugu zangu, na miaka 7 ilikuwa ya kweli, isipokuwa ilikuwa miaka ya kitu kingine. Mtengenezaji anapoandika muda wa kudumu, kwa kawaida anazungumzia vinili iliyobandikwa vizuri kwenye sehemu iliyosimama wima, nje ya nyumba, katika hali ya hewa ya Ulaya ya Kati, na anachokiangalia ni rangi kupauka, utando kupasuka na kubanduka kwa sababu ya jua na mvua. Someni karatasi za maelezo za watengenezaji wakubwa mtaona masharti hayo yameandikwa waziwazi. Hata kwa jua peke yake, sisi tulio karibu nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta hatuwezi kuichukua hesabu ya Ulaya kama ilivyo. Lakini kwa kifaa cha mkononi, jua ni adui mdogo. Hakuna mtu katika majaribio yale anayeitia vinili mfukoni pamoja na funguo, akaitoa, akaishika kwa mkono wenye mafuta, akairudisha, na kufanya hivyo kutwa nzima. Hakuna anayeiweka juu ya betri inayopata moto wakati wa kuchaji. Hakuna anayeipaka jasho. Tangazo la mlangoni huguswa na nani? Simu huguswa na nani?

Kwa hiyo, anayenunua vinili ya simu kwa kuuliza "hii ni ya miaka mingapi?" anauliza swali la mabango. Sisi tuna maswali mengine matatu: utando umetengenezwaje, gundi yake inakubaliana na kitu gani, na juu yake kuna nini cha kuukinga dhidi ya mkono.

Nianze na utando, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapodanganyika kwa macho.

Mwaka 1926, mkemia Mmarekani Waldo Semon, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya B.F. Goodrich huko Akron, Ohio, alikuwa akitafuta gundi ya kuunganisha mpira na chuma. Katika kuhangaika kwake alichukua PVC, plastiki ambayo wakati huo haikuwa na kazi ya maana kwa kuwa ilikuwa ngumu na ya kukatika, akaipasha moto ndani ya kimiminika chenye kiwango kikubwa cha kuchemka. Gundi aliyoitaka hakuipata. Alichokipata ni kitu laini kinachopinda, kinachovutika na kurudi. Vinili zote tunazokata kwenye plota zetu leo ni uzao wa jaribio lile.

Kwa nini nawasimulia habari za Akron nikiwa Kigoma? Kwa sababu kisa hiki kinatufundisha kwamba ulaini wa vinili si wa PVC yenyewe. Ulaini huo umeongezwa, kwa kitu kinachoitwa kilainishi, na kilainishi hakijafungwa kwa msumari humo ndani. Kinatembea. Kinatoka nje kuelekea mkononi, na kinaingia ndani kuelekea kwenye gundi. Kikitoka, utando unakakamaa, unasinyaa na kupasuka. Kikiingia kwenye gundi, gundi inakuwa laini kama uji na kuteleza. Sasa, kuna vilainishi vya chembe ndogo, ambavyo ni rahisi kutoroka, na kuna vilainishi vya minyororo mirefu, ambavyo hutoka polepole sana. Vinili ya bei ya chini kabisa huwa na vile vya chembe ndogo. Ndiyo maana stika ya namna hiyo, ikikaa mwaka mmoja juu ya simu yenye joto, hubaki na fremu ya gundi kuizunguka pande zote: utando umerudi ndani, gundi imebaki pale ulipokuwa mwanzo.

Tofauti ya pili, ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya kwanza, ni namna utando ulivyotengenezwa. Vinili nyingi iliyoko madukani ni ya rola: donge la PVC ya moto linapitishwa katikati ya rola nzito, linabanwa na kuvutwa mpaka liwe utando. Kila aliyewahi kusukuma chapati anajua kwamba donge lililosukumwa kwa nguvu lina kinyongo, ukiliacha kidogo linarudi. Vinili ya rola nayo ina kinyongo hicho, na kinachokiamsha ni joto. Vinili ya namna ya pili ni ya kumimina: PVC ikiwa katika hali ya kimiminika humiminwa juu ya karatasi maalumu, kisha hupitishwa kwenye tanuri ikakauka bila kuvutwa na mtu. Hiyo haina mahali pa kurudi, kwa sababu haikulazimishwa kufika ilipo. Kwa hiyo haisinyai kwa kiasi kinachoonekana, na hulala vizuri kwenye mviringo wa ukingo wa simu.

Sasa sikilizeni unene. Ya kumimina kwa kawaida huwa na maikroni 50 hivi, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Ya rola huanzia kama maikroni 63 na kufika 100. Mteja akizishika zote mbili atachagua nene, na fundi naye mara nyingi humsifia kwamba nene ndiyo imara. Kwenye kifaa cha mkononi unene ni hasara. Kidole gumba kinapopita ukingoni mwa stika, ukingo mnene ni kigongo cha kukikwaza, na kila kinapokikwaza kinauinua kidogo. Ukingo wa maikroni 50 kidole hupita bila kuusikia. Wembamba ni sehemu ya kudumu.

Je, nasema kila stika iwe ya kumimina? Hapana. Kikokotoo chenye mgongo bapa, lebo ndogo ya namba kwenye rimoti, alama kwenye chaja: kwa hizo, vinili ya rola yenye vilainishi vya minyororo mirefu inatosha kabisa, na kutumia ya gharama zaidi ni kumtoza mteja bure. Kampuni ya ORAFOL ya Ujerumani, ambayo roli zake wengi mmeziona, huuza aina zote: Oracal 651 ni ya rola, maikroni 63, Oracal 951 ni ya kumimina, maikroni 50. Zote ni nzuri kwa kazi yake. Mashine bapa, 651. Simu yenye mgongo wa mviringo au pedi ya gemu iliyojaa mabonde, 951 au ya jamii yake kutoka kampuni nyingine. Mimi sina ubia na yeyote kati yao.

Na kama umenunua kipande kisicho na jina? Hapa Kigoma mara nyingi tunapokea vipande vilivyokatwa kwa mita Kariakoo, vikafika kwa basi vimekunjwa kwenye gazeti. Kwanza tazama mgongo wa karatasi ya nyuma. Watengenezaji wengi huchapa jina au alama zao pale, na muuzaji anayekuletea karatasi tupu ana jambo la kujieleza. Pili, fanya jaribio la msalaba. Bandika kipande cha ukubwa wa kiganja kwenye kioo safi, kisha kwa wembe mkali kata msalaba katikati, ukiupitisha utando mpaka kwenye kioo. Kiache kwenye jua la mchana la kiangazi, au juu ya bati, kwa wiki mbili. Ukirudi, tazama ule msalaba. Ukiwa bado mstari mwembamba kama ulivyoukata, umepata utando mtulivu. Ukiwa umefunguka na kuonyesha gundi katikati, basi hivyo ndivyo stika yako itakavyofanya kwenye simu ya mteja, na wewe hutakuwepo kuiona. Jaribio hili halina gharama, na watengenezaji wenyewe hupima kusinyaa kwa njia inayofanana na hiyo.

Nije kwenye gundi. Wapo wanaodhani gundi ni gundi tu. Mwaka 2017, kifaa cha gemu cha Nintendo Switch kilipotoka, kampuni ya Kanada inayoitwa dbrand, ambayo kazi yake yote ni kutengeneza ngozi za vinili za simu na vifaa kama hivyo, ilikuwa imejiandaa kuuza ngozi za kifaa hicho. Walipojaribu, waligundua kwamba vinili inapobanduliwa inaondoka na rangi ya juu ya kifaa. Wakatangaza kwamba hawatauza, wakarudisha oda za watu, na wakawaonya wateja wasibandike vinili ya kampuni yoyote ile. Fikirini hilo. Vinili ilikuwa nzuri. Gundi ilikuwa nzuri, pengine nzuri kupita kiasi. Kilichoshindwa ni kile kilichokuwa chini yake.

Kabla hujachagua vinili, basi, ujue unabandika juu ya nini. Migongo mingi ya simu za plastiki ni ya polikaboneti, na maboksi mengi ya mashine na redio ni ya ABS. Hizo ni plastiki rafiki: nguvu ya uso wake, yaani uwezo wake wa kuvuta gundi, ni milinyutoni 40 hivi kwa mita au zaidi, na gundi ya akriliki huzishika bila shida. Polipropilini na polithini ziko karibu na 30, na hapo gundi ya kawaida huanza kusuasua. Silikoni iko chini zaidi ya hapo. Ni mara ngapi mteja ameleta kava la silikoni akitaka nembo ya Simba au Yanga, fundi akachukua fedha, akabandika, na jioni nembo ikabaki mfukoni mwa suruali? Kwa kava la silikoni jibu la kitaalamu ni moja: haiwezekani kwa vinili, na mwambie hivyo kabla hajalipa. Kava laini la PVC nalo lina hila yake, kwa kuwa lina vilainishi vyake lenyewe, navyo huhamia kwenye gundi yako na kuigeuza ulimbo.

Huna kifaa cha kupima nguvu ya uso? Una maji. Osha kifaa kwa spiriti, kiache kikauke, kisha dondoshea tone moja la maji mbali na matundu. Likitandaa, gundi nayo itatandaa. Likijikusanya kama shanga na kuteremka, gundi itafanya vivyo hivyo. Vioo vya mbele vya simu nyingi vimepakwa dawa ya kukataa mafuta ya vidole, na baadhi ya vioo vya mgongo pia, kwa hiyo msishangae tone likikimbia juu ya kioo kinachoonekana safi kabisa. Na kuna zile redio na rimoti zilizopakwa rangi laini ya mpira, ambayo ikizeeka huanza kunata yenyewe. Juu ya rangi hiyo usibandike chochote. Stika haitaanguka peke yake, itaanguka na ngozi ya kifaa.

Kuhusu aina ya gundi nitapita upesi. Kwa mkono, chagua gundi ya kudumu ya akriliki iliyotengenezwa kwa kiyeyusho badala ya ile ya maji, kwa sababu ile ya maji haivumilii unyevu vizuri, na jasho ni unyevu. Gundi ya kubandulika ni ya maonyesho na ya kuta. Zile zenye vijia vya kutolea hewa zinasaidia ukifunika mgongo mzima wa simu, lakini kwa herufi ndogo hazina faida, na kwenye utando mwembamba unaong'aa vijia hivyo wakati mwingine huonekana kwa nje. Halafu mpe mteja maelekezo: gundi ya akriliki hufikia nguvu yake kamili baada ya saa 24 hadi 72. Mteja anayetoka dukani kwako na kuelekea moja kwa moja ziwani na simu yake ameikatiza kazi ambayo haijaisha.

Sasa tufike kwenye mkono wenyewe, na hapa nitakaa, maana Kigoma tuna mikono ya namna ambayo karatasi ya maelezo ya Ulaya haikuifikiria.

Mama mmoja wa Simbo anayekamua mawese alileta simu yake kwa fundi mwenzetu. Nyuma alikuwa na stika ya picha ya wajukuu wake watatu. Wawili walikuwa wazima. Wa tatu hakuwa na uso, kwa sababu uso wake ulikuwa pale kidole gumba kinapokaa. Picha ilikuwa imechapwa kwa wino mzuri, kwenye vinili nzuri, na haikuwa na kitu juu yake. Mafuta ya mawese yalifanya kazi mbili. Kwanza yalilainisha wino ukasuguliwa na kutoka. Pili, pale ukingoni, yaliingia chini ya utando na kuitoa gundi nguvu. Mafuta ya mkono wa mwanadamu, hata asiyegusa mawese, hufanya vivyo hivyo kwa polepole, na jasho lenye chumvi na asidi yake huongezea. Msidhani tatizo ni la mama wa mawese peke yake. Mtengeneza sabuni, mpika maandazi, mchuuzi wa dagaa, kinyozi, mama anayempaka mtoto Vaseline, wote hao ndio wateja wetu.

Dawa yake ni laminesheni, yaani utando angavu wa kinga unaobandikwa juu ya chapa. Nalisema kwa mkazo: stika iliyochapwa, itakayoshikwa mkononi, isitoke dukani bila laminesheni. Isitoke! Wino usioguswa hausuguliki. Lakini laminesheni nayo ina sheria zake. Ilingane na utando wa chini: ya kumimina juu ya kumimina, ya rola juu ya rola. Ukiweka laminesheni ya rola juu ya vinili ya kumimina, ya juu itasinyaa na ya chini haitasinyaa, na matokeo yake ni stika inayojikunja yenyewe kama jani kavu, na mteja atasema gundi ni mbovu. Kama unachapa kwa wino wa kiyeyusho, ule tuuitao eko-solventi, subiri angalau saa 24 kabla ya kuweka laminesheni, ili mvuke utoke. Ukiufungia ndani, unarudi kwenye gundi na kuilainisha. Na wale wanaochapa stika za simu kwa printa ya ofisini yenye wino wa maji, kwenye karatasi ya stika, naomba waziite kwa jina lake: ni stika za daftari.

Kisa kingine ni cha mlinzi wa usiku. Redio yake ya mkononi ilikuwa na lebo ya namba ya mali, yenye laminesheni na kila kitu, lakini kila baada ya muda lebo ilikuwa inalegea, inanata na kubeba alama za vidole. Fundi alibadilisha vinili, akabadilisha na gundi, hali ikawa ileile. Mwishowe akamuuliza mlinzi swali ambalo alipaswa kuulizwa mwanzoni: mikononi unapaka nini? Alikuwa anapaka mafuta ya kufukuza mbu yenye DEET. DEET hufukuza mbu vizuri, na hulainisha plastiki nyingi vizuri vilevile, PVC ikiwamo. Pale hakuna vinili ya kuokoa kazi. Jibu lilikuwa kuhamisha lebo kutoka pembeni, mahali kiganja kinapobana, kwenda chini ya klipu ya mkanda, na kutumia lebo ya poliesta badala ya vinili. Mafundi wenzangu, ni wangapi kati yetu huwauliza wateja wanapaka nini mikononi? Tunauliza rangi na ukubwa, kisha bei, basi.

Vitakasa mikono vyenye spiriti, ambavyo mwaka 2020 vilienea kwenye kaunta, huondoa wino wa eko-solventi usio na kinga. Hilo nalo ni la laminesheni, sihitaji kulirefusha.

Vitufe ni jambo la pekee. Mashine za EFD, kwa mfano, vitufe vyake hubonyezwa kutwa nzima mahali palepale, na duka lenye wateja wengi hufuta tarakimu za kiwandani, achilia mbali zetu. Kwa lebo ya kubonyezwa, wino usiwe juu. Chapa kinyumenyume kwenye nyuma ya poliesta angavu, kisha weka gundi nyuma ya wino, ili kidole kiguse poliesta na wino ukae chini yake. Viwanda vinavyotengeneza paneli za vitufe hufanya hivyo, na huchagua poliesta kuliko polikaboneti kwa sababu poliesta huvumilia kubonyezwa mara nyingi zaidi kabla haijapasuka. Vinili kwa kazi hiyo ni laini mno.

Mng'ao au mati, yaani isiyong'aa? Inayong'aa huonyesha mikwaruzo ya funguo. Ya mati huificha, lakini kidole gumba huisugua mpaka ikapata doa linalong'aa mahali pamoja, na ikiwa nyeupe hunywa rangi ya jinzi mpya ikawa na wingu la buluu. Yenye kwaruzo la kutengenezwa, kama ile ya sura ya nyuzi za kaboni, huficha vyote viwili. Mteja anayetaka nyeupe ya mati kwenye simu ya mfukoni, mweleze habari ya jinzi, kisha umwache achague.

Kuna mambo ya usalama ambayo siwezi kuyaruka. Usiikate PVC kwa mashine ya leza, hata mara moja, hata kipande kidogo. Ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo huumiza mapafu yako na kuitia kutu mashine yako. Kwa sababu hiyohiyo mabaki yasichomwe kwenye pipa nyuma ya duka. Pia usielekeze bloa ya hewa ya moto kwenye simu ili kulaza kona za vinili. Betri ya lithiamu haipendi joto, na kampuni kama Apple inasema simu zake zitumike katika mazingira yasiyozidi nyuzi 35 za selsiasi. Kama mviringo unahitaji joto, pasha kipande kikiwa mkononi mwako kwa draya ya nywele, au toa kava la nyuma kama linatoka. Vinili za sura ya chuma zenye madini ndani yake zisifunike mahali pa kuchaji bila waya. Na kwa kuwa kitu hiki kinakaa mkononi mwa mtu saa nyingi, wakiwamo watoto, tafuteni ile isiyo na vilainishi vya jamii ya fthaleti. Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa asilimia 0.1 kwa fthaleti nne katika vifaa vya umeme kuanzia Julai 2019, na watengenezaji wanaofuata hilo huliandika.

Kuhusu kukata, nitasema moja: kona kali ni mlango wa kuingilia. Kila kona ipewe mviringo wa angalau milimita 2, na ukingo wa stika uishie milimita moja kabla ya ukingo wa kifaa. Stika inayofika mpaka ukingoni huinuliwa na mfuko kila simu inapoingia.

Sasa bei, maana naona wengine mnatikisa vichwa. Mnasema vinili ya kumimina ni ghali, na Kigoma mteja ana shilingi elfu tatu mkononi. Tupige hesabu pamoja. Roli ya kawaida ina upana wa sentimita 61. Mgongo wa simu ni kama sentimita 16 kwa 7.5. Ukiacha nusu sentimita kila upande kwa ajili ya kukata, mita moja inatoa vipande 7 kwa upana na 5 kwa urefu, yaani 35. Tuchukulie kwamba mita ya vinili ya kumimina inaizidi ya rola kwa shilingi 20,000. Ukigawa kwa 35, tofauti haifiki shilingi 600 kwa simu. Ni mteja gani atakukimbia kwa shilingi 600 ukimwonyesha ule msalaba uliofunguka kwenye kioo? Sisi hatuchapi mabango ya mita tano. Kazi yetu ni ndogo kwa eneo, na kwa hiyo ni sisi, kuliko wachapaji wote, tunaomudu malighafi bora.

Nunueni mita chache, lakini msizilimbikize. Watengenezaji wengi huipa vinili muda wa miaka 2 hivi ikiwa imehifadhiwa kwenye nyuzi 20 na unyevu wa wastani, na stoo iliyo chini ya bati huku kwetu haina nyuzi 20. Roli isimame wima au ining'inie, mahali penye kivuli, ndani ya nailoni yake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kwenye ile meza ya pembeni kuna vipande vya vinili vya aina nne, vimeandikwa herufi tu, bila majina, pamoja na vipande vya kioo na chupa ndogo ya mawese. Kila fundi achukue kioo kimoja, abandike aina zote nne, akate msalaba kwenye kila kimoja, apake mawese nusu yake, na aandike tarehe nyuma kwa kalamu ya maka. Tukikutana tena mtaleta vioo, na majina ya hizo herufi nitayataja baada ya kuviona.